Mzee Aliyeniita Kaburini

Nimewahi kuitwa kwenye kaburi langu mwenyewe, huku nimeshika sururu.

Mwaka juzi nilikuwa kibarua wa kuhamisha makaburi mpakani na Burundi, mtoni, ambako palikuwa panajengwa bwawa la umeme. Maji yangefunika bonde pande zote mbili.

Utaratibu wetu ni kwamba ndugu anamwita kwanza marehemu kwa jina na kumwambia anahamishwa. Bila hivyo hatuchimbi.

Akaja mzee kutoka ng'ambo ya Burundi, Egide, macho yana ukungu. Akapiga magoti.

"Libérate mke wangu, na wewe Josephat mwanangu, amkeni. Maji yanakuja."

Josephat ni mimi. Libérate ni mama yangu, na wiki hiyo nilimwacha nyumbani Kibaoni anaanika mihogo.

Mama alinisimulia kwamba walipokimbia mauaji ya Burundi mwaka sabini na mbili, baba, Egide, alipigwa risasi mtoni. Kumbe naye alizika maiti zilizoharibika akidhani ni sisi.

Ningesema "baba" tu, yangeisha.

Ila nilikuwa nagombea uenyekiti wa kijiji. Nilikulia Mishamo kwenye makazi ya wakimbizi, lakini Kibaoni nilijiita Muha wa Kasulu, na mama wanamjua kama Mama Jose. Uraia tunao, wa halali kabisa. Mpinzani wangu Nashon angejua nina baba Burundi, ningekwisha.

"Mwanangu," mzee akaniuliza, "watu wetu waliovuka walienda wapi?"

"Sijui, mzee."

Nikachimba. Nikamkabidhi sanduku la mifupa, akalipokea kwa mikono miwili na kunishukuru.

Kura nikazipata.

Miezi mitatu baadaye yule mzee akaingia ofisini kwangu. Wataalamu walioipima ile mifupa walimwambia si ya mama na mwanawe. Alipofika Mishamo wakamwelekeza Kibaoni. Kwa macho yale hakunitambua.

"Mwenyekiti, namtafuta mke wangu, Libérate."

"Alishafariki zamani. Twende nikuonyeshe."

Nikampeleka kwenye kaburi lisilo na msalaba nyuma ya shamba letu. La nani, sijui mpaka leo. Akalala kifudifudi, akalia mpaka sauti ikakauka.

Mama akasikia kilio, akaja na kikombe cha maji.

"Pole, baba. Kunywa."

"Asante, mama. Mungu akubariki."

Miaka hamsini na tatu ilikuwa imepita, uzee umewafuta sura wote wawili. Niliona vidole vyao vinagusana kwenye kikombe, kisha nikamrudisha mama nyumbani. Roho yangu ni mbaya, najua.

Jioni mama akauliza, "Yule mzee alikuwa anamlilia nani?"

"Mke wake."

"Kumbe wanaume wa hivyo bado wapo. Baba yako alikuwa hivyo hivyo."

Mzee alifia njiani, kabla hajavuka mto. Mama hajui.

Nyie mnaosoma, kama kuna mtu wenu mmemkana kwa ajili ya cheo, mfuateni leo angali anapumua. Mimi uenyekiti ninao. Kila siku mama ananimwagia maji ya kunawa mikono kabla ya kula, na nashindwa kumtazama usoni.