Posho Iliingia Mwisho, Rafiki Yangu Akazika Peke Yake

"Kompyuta haina ndugu wala adui. Anayelalamikia makato hajui hesabu." Maneno hayo aliyasema mhasibu wa shule yetu mbele ya walimu wote, na wapo waliompigia makofi. Mimi nasema si kweli. Kompyuta hufuata utaratibu iliopangiwa, na aliyeupanga ni mtu anayekula mshahara kama sisi. Uongo huo umemvunjia rafiki yangu heshima siku aliyomzika mama yake.

Admin, jina langu lifiche. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mwalimu wa historia katika shule binafsi ya bweni huku Upareni, wilaya ya Same. Nina mdomo, najua, na wanafunzi wameshanipa jina kwa ajili yake. Lakini safari hii mdomo umekuwa mzito, kwa sababu huyo mhasibu amemwoa mdogo wangu. Ni shemeji yangu.

Rafiki yangu ni matroni wa bweni la wasichana. Nitamwita Mama Nakiete. Shuleni tuna mfuko wa kufa na kuzikana, mchango unakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Ukifiwa, mfuko unaleta gari la kupandisha mwili mlimani, unaleta mchele na sufuria, na zaidi ya yote unaleta watu. Huku kwetu ukizika bila wenzako wa kazini, kijiji kizima kinauliza umewakosea nini.

Mama yake alifariki hospitalini, Same mjini. Mimi nilikuwa Mwanga kwenye semina. Katibu wa mfuko akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Mwenzetu hajachangia miezi kadhaa. Kanuni ni kanuni." Hakwenda mtu. Mama Nakiete alikodi pikapu inayobeba tangawizi, akampandisha mama yake nyumbani pamoja na wajomba zake. Nilipofika matangani, mazishi yalikuwa yameshapita. Shangazi yake akaniuliza mbele za watu, "Mwalimu, umekuja peke yako? Au shule imefungwa?"

Aliporudi kazini zikaanza kejeli. Kwenye foleni ya chai mwalimu mmoja kijana alimwambia, "Matroni, posho za zamu unakula mwenyewe, misiba unataka tuzike wote?"

"Mwanangu, mimi nakatwa kila mwezi."

"Unakatwa na nani, kinyozi?"

Watu wakacheka mpaka wakamwaga chai. Mimi sikucheka. Nilikwenda ofisini kwa shemeji, nikavuta kiti, nikamwambia sitoki mpaka anionyeshe mashine yake inavyokata. Akanionyesha, na nitawaeleza kama nilivyoelewa.

Mfumo wao unaanza na mshahara wa msingi. Unatoa mchango wa pensheni, kisha kodi, kisha mkopo wa benki, na makato mengine yanafuata kwa foleni. Mfuko wa kufa na kuzikana umewekwa mkiani kabisa. Mshahara ukibaki theluthi moja, mfumo unasimama, wa mkiani anarukwa. Sheria ya kumwachia mtu theluthi ni nzuri, siipingi. Lakini baada ya kusimama ndipo mfumo unaongeza posho ya zamu za usiku! Yaani unakata kwanza, halafu ndiyo unamalizia kuhesabu alichopata. Kodi ya hiyo posho sitaki hata kuigusa leo.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hela ya mchango alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo, dada. Ila wakati wa kukata, mfumo ulikuwa haujaiona."

"Na yeye angejuaje?"

Karatasi ya mshahara inaandika "makato mengine" kwa jumla, basi. Posho nayo hupanda na kushuka kulingana na zamu, kwa hiyo msiniambie angeshtuka kuona hela imezidi. Nani kati yenu amewahi kulala bwenini na mabinti wenye homa, asubuhi akaamkia kikokotoo?

Shemeji akashusha sauti. "Mfumo tuliletewa ukiwa umepangwa hivi. Dada, ukilisema hili kikaoni, meneja ataniuliza nilikuwa natazama nini. Mdogo wako ananyonyesha. Nikifukuzwa tutakwenda wapi?"

Kikao cha mfuko ni Ijumaa. Kamati inamtaka Mama Nakiete alipe michango yote na faini, kisha asimame aombe radhi, la sivyo anafutwa. Jana nilimkuta anakunja mashuka ya bweni, hanitazami. "Niombe radhi kwa kosa gani, dada? Kwa kufiwa? Wanifute tu. Na kazi yenyewe nitaiacha." Huyu ndiye mtu aliyewahi kukesha kwenye misiba ya nusu ya hao wanaomhukumu.

Wengi mtaniambia nimlinde mdogo wangu, damu ni nzito. Nimelifikiria hilo, na jibu langu ni hapana. Ijumaa nitasimama, nitaeleza kila hatua ya mfumo huo, shemeji akiwa amekaa mbele yangu. Ninyi mlioolewa, mlio na wadogo, nishaurini hapa tu: nimwambie mdogo wangu kabla ya kikao, au asikie kwa mumewe?

Na ninyi wahasibu mnaosoma kimyakimya, ninyi siwaombi ushauri. Kesho asubuhi fungueni mifumo yenu. Hakikisheni mapato yote ya mtu yamekusanywa kabla hamjaanza kumkata. Tazameni nani anarukwa mkiani, mfuateni alipo, mumwambie kwa midomo yenu. Msingoje afiwe ndipo ajue.