Sukari Iliyojificha Kwenye Upawa wa Theresia

Saa mbili asubuhi, Elerai. Kwenye kibanda chake cha chai, Theresia Lesian anamimina nusu kilo ya sukari kwenye sufuria ya chai ya maziwa, anakoroga, anachota kwa upawa, anapuliza, anapiga funda. Anaongeza sukari kidogo, anaonja tena.

"Bado haijakolea," anasema. Hakuna mteja aliyefika.

Theresia ana miaka 57. Mwaka jana kisukari kilimnyang'anya vidole viwili vya mguu wa kushoto. Sasa pana kidonda kipya, na daktari amemwambia wazi kwamba sukari isiposhuka, mguu wenyewe utakatwa.

Tangu alipokatwa vidole hajanywa kikombe hata kimoja cha chai yenye sukari. Kijijini kwao Akheri, mgeni anayekataa chai ni kama ameitukana nyumba. Alikataa mara tatu. Mara ya nne hakualikwa.

"Wanasema nimekuwa na masharti kama mganga," anasema huku akicheka. Macho yake hayacheki.

Pamoja na yote hayo, kipimo kiligoma kushuka. Mwezi uliopita Faudhia, nesi wa kliniki anakotibiwa, alimtaka aeleze siku yake yote tangu anapoamka. Alipofika kwenye sufuria, nesi alimkatisha.

"Mama, unaonja mara ngapi?"

"Mpaka ikolee."

Walihesabu pamoja: sufuria nne, kila moja mafunda sita. Kwa siku, vikombe vitatu vizima. Theresia alilia palepale. Hakuwa amedanganya, kwake kuonja si kunywa, na ni mpishi gani angejibu tofauti?

Nesi alimshauri atafute mtu wa kumwonjea. Mumewe alishafariki, na binti yake wa pekee yuko Dodoma, hupiga simu Jumapili.

"Ningekuwa na mtu wa kuonja chai," anasema, "si ningekuwa na mtu wa kuongea naye?"

Kwa hiyo ameamua. Kuanzia Jumatatu chai itachemka bila sukari. Sukari itakaa mezani, kila mtu akoroge yake. Rodrick, fundi seremala wa jirani na mteja wake wa miaka mingi, hataki hata kusikia.

"Shikamoo nitampa kila siku," anasema. "Lakini chai isiyopikwa na sukari yake ni ya wagonjwa. Mimi nitavuka barabara nikanywe kwingine."

Theresia amemsikia. Anafunika sufuria, anakaa kwenye benchi tupu, mguu wenye bandeji ameunyoosha mbele.

"Wavuke tu," anasema. "Kukaa peke yangu nimeshazoea. Kukaa bila mguu sitaki kujifunza."