Mstari Ambao Sikumsomea Babu

Je, ningemnyang'anya simu yule binti kama darasa lisingecheka? Swali hilo liliniondolea usingizi siku kadhaa katika chumba changu cha kupanga Magomeni ya Mtwara. Kila nilipolijibu nililigeuza nikaliuliza upya, maana ndivyo nilivyo: naweza kubishana na nafsi yangu mpaka adhana ya alfajiri na bado nisishinde upande wowote.

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa Jiografia katika sekondari moja ya kutwa, mbele kidogo ya Naliendele. Chuo nilikuwa nimemaliza, ajira sina, na vitabu vya kidato cha tatu shuleni vilikuwa viwili tu. Kwa hiyo nilifundisha kwa simu. Nilipakua notisi, nikazisoma kwa sauti, wanafunzi wakaandika. Wao simu walikatazwa kabisa. Ya mwanafunzi ikikamatwa iliandikwa kwenye daftari la makosa, ikafungiwa kwenye kopo la biskuti ofisini kwa mwalimu wa nidhamu mpaka mzazi aje.

Alhamisi moja nilikuwa nawasomea habari za mmomonyoko wa udongo, ukaingia ujumbe kwenye kundi letu la wahitimu: majina ya walioitwa kwenye usaili yametoka. Nikaacha kusoma katikati ya sentensi. Nilitafuta jina langu, sikuliona, nikarudia, nikatafuta la rafiki yangu. Sijui nilisimama pale dakika ngapi. Darasa zima lilikuwa limeinua kalamu likinisubiri. Ndipo simu ikatetemeka juu ya mbao za dawati la nyuma.

Ilikuwa kwa binti mmoja mkimya, asiyechelewa wala kujibu ovyo. Nilimwendea, nikanyoosha mkono.

"Madam, ni ya babu," alisema. "Kwetu mtandao haukamati. Kanipa nije nayo huku, anasubiri ujumbe wa salfa."

"Hata mimi nasubiri ujumbe wa ajira. Umeona simu yangu iko kwenye dawati?"

"Iko mkononi," sauti moja ikasema taratibu kutoka dirishani, na wote wakaangua kicheko.

Salfa niliijua. Huwezi kukaa Mtwara mwezi wa saba usiijue. Mikorosho inakuwa imetoa maua, na asiyepuliza unga ule wa dawa kwa wakati huyaona yakiingia ugonjwa wa ubwiriunga na kupukutika. Nilijua, na bado niliichukua ile simu. Kisha nikaandika kwenye daftari la makosa: "Alikuwa akicheza na simu kipindi kikiendelea." Hakuwa akicheza. Hata kuigusa alikuwa hajaigusa.

Kesho yake nilimkuta nyuma ya vyoo akifyeka nyasi, ndiyo adhabu aliyopewa. Alishusha fyekeo akaniamkia, "Shikamoo, madam," kwa adabu ile ile ya siku zote. Niliitikia huku nikipita haraka, kama mtu anayeitwa mahali.

Babu yake alikuja Jumatatu. Binti alikuwa amemficha mpaka Jumapili, kwa hofu. Mzee alimwomba radhi mwalimu wa nidhamu, kisha akaniomba radhi mimi, niliye na umri wa wajukuu zake. Alisema kosa ni lake, mtoto alitumwa tu. Akatania kwamba simu yake imekaa jela siku nne na haijakonda hata kidogo. Akaiwasha, akanipa, kwa kuwa macho yake hayaoni tena herufi ndogo.

"Nisomee, mwalimu."

Ujumbe ulikuwa wa Alhamisi, saa ya kipindi changu. Nilimsomea kwamba mgawo wake wa salfa uko tayari kwenye ghala la chama cha ushirika. Namba ya kuonyesha nilimsomea mara mbili. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi: mwisho wa kuchukua ni Jumamosi saa kumi jioni. Mwalimu wa nidhamu alikuwa ananitazama. Nikamrudishia mzee simu yake. Akanishukuru, akasema mjukuu wake amemwambia natafuta ajira, na kwamba ataniombea. Akatoka moja kwa moja kwenda ghalani.

Mchana ule wote nilijitungia visingizio. Huenda wameongeza siku. Huenda karani atamwonea huruma. Huenda ningemsomea angepata presha pale pale ofisini.

Jumanne asubuhi binti alinisubiri nje ya darasa. Babu alikuwa amerudishwa, ameambiwa amechelewa kwa uzembe wake, na mifuko yake wiki ijayo watapewa wengine. Nikaanza kusema pole.

"Mstari wa chini nimemsomea mimi jana jioni," alisema akitazama viatu vyangu. "Hakukasirika, madam. Kasema labda mwalimu hakuuona."

Wangenitukana ningepata nafuu. Niliingia darasani nikafundisha kipindi kizima bila kutazama dawati la nyuma.

Jumatano nilifika shuleni kabla ya wenzangu. Nilifungua daftari la makosa, nikaikata ile sentensi, nikaandika juu yake: "Alibeba simu ya babu yake. Aliyekuwa akitumia simu kipindini ni mwalimu." Nikatia sahihi. Simu yangu nikaitumbukiza kwenye kopo la biskuti; notisi za siku hiyo nilikuwa nimezinakili kwa mkono. Kisha nikampelekea mkuu wa shule barua ya kueleza kwamba simu ya mzee niliichukua mimi, ikafungiwa shuleni tangu Alhamisi hadi Jumatatu. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama najua kwamba mwalimu wa kujitolea anaweza kuambiwa kesho asije. Nilisema najua. Akagonga muhuri.

Baada ya vipindi nilimfuata babu kwake, tukaenda wote ghalani. Kulikuwa na foleni. Tulipobakiza watu wawili, nilimwambia.

"Babu, ule mstari niliuona."

Kofia yake akaisogeza nyuma. Hakuniambia "si kitu," na nilishukuru kwamba hakuniambia hivyo.

"Haya," alisema. "Na karani mwambie hivyo hivyo."

Zamu yetu ilipofika nikapitisha barua dirishani, na kabla karani hajaifungua nikamweleza mwenyewe, kwa sauti ya kutosha watu wa nyuma yetu kusikia, kwamba mzee huyu hakuchelewa. Mimi ndiye niliyemchelewesha.