Divai ya Hombolo Siku ya Posa Yangu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, Babati ilikuwa na maziwa, nyama na samaki wa ziwani, lakini sukari tuliisikia redioni tu. Mwaka ule hata asali ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na bila asali wala sukari pombe ya posa haipikiki. Mchumba wangu, bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, akasema tusihangaike. Wazee wake wangekuja na divai nyekundu ya kwao Hombolo.

Mwanaume yule, kama ulikuwa na kazi ya kufanya, usimtajie zabibu. Alishanieleza mpaka nikachoka: udongo wa kichanga, mvua ya kubahatisha, jua lisilo na huruma, na bado mizabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka. Divai nyekundu, alisema, inataka nyama ya kuchoma. Perege wa ziwani mwachie maji. Nilimjibu kwamba kwetu tunakula kilichopo. Lakini nilimpenda, tena sana, yeye na mizabibu yake.

Wageni walifika kijijini kwetu Nakwa juu ya lori la mahindi, vumbi la Kondoa mpaka kwenye kope, wakiwa na chupa za bia zilizojazwa divai na kuzibwa kwa vipande vya magunzi. Wakaandaliwa ugali na maziwa ya mgando kwanza, na baba pamoja na baba zangu wadogo wakala nao. Mimi, mama na shangazi tulibaki jikoni tukigeuza mbuzi kwenye makaa, masikio yetu yote yakiwa sebuleni. Binti anayeposwa haonekani mpaka aitwe.

Mshenga akamimina divai kwenye kikombe cha bati, akampa baba. Baba akanusa, akavua kofia. Utotoni alikuwa mtumishi wa Misa, na harufu ile aliijua ya mahali pamoja tu, altareni. Akakiweka kikombe mezani kwa mikono miwili.

“Wazee wangu, mtuwie radhi,” akasema. “Sisi tumeshakula.”

Baba wadogo nao wakavua kofia. Enzi walizobatizwa, aliyetia kitu tumboni hakusogelea komunyo. Wageni wangejuaje hayo? Walichoona ni pombe ya posa imerudishwa mezani, na kwao hilo lilikuwa na maana moja.

“Tumewaelewa,” mshenga akasema taratibu, akaanza kurudishia magunzi kwenye chupa. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona mchumba wangu ameinamisha kichwa.

Hasira zilinipanda. Mwanaume wangu anaondoka hivi hivi kwa sababu ya ugali? Shangazi alinishika kanga, ikabaki mkononi mwake. Nikaingia sebuleni na sinia la nyama, nikapiga goti, nikasema shikamooni, kisha nikachukua kile kikombe na kunywa nusu.



“Wewe umekula?” baba akauliza.

“Nimekula, baba. Hata sasa nyama iko mdomoni. Hii si ya padri, ni ya shambani kwao. Ni kali kidogo, lakini ukiwa na mbuzi inashuka vizuri.”

Baba akachukua ubavu, akatafuna, akanywa kidogo, akakunja uso. Akatafuna tena, akanywa tena, na safari hii uso haukukunjwa. Akavaa kofia yake. Baba wadogo wakavaa zao na kusogeza vikombe, na mshenga akawa anacheka huku akipangusa vumbi usoni.

Nilikuwa nimeshainuka niondoke, baba akaniita.

“Katika ukoo huu, binti akinywa pombe ya posa amemkubali mwanaume,” akasema mbele ya wote. “Na wewe hatujakuuliza bado.”

“Basi, baba,” nikasema, “msijisumbue tena kuniuliza.”