Kaka Mwenye Mkono wa Birika na Kufuli za Biti Moja

Kaka yangu ana mkono wa birika, na sisemi hivi kwa kumsengenya, maana yeye mwenyewe huiona kuwa sifa. Kipande cha sabuni kikibaki chembamba kama ukucha, hukibandika kwenye sabuni mpya. Bahasha huzifungua taratibu, akazigeuza na kuandikia kwa ndani. Tulikua watoto wanane katika vyumba viwili, na yeye ndiye aliyepanga nani alale wapi, kichwa huku, miguu kule, mpaka tukaenea wote na nafasi ya ndoo ikabaki. Nadhani hajawahi kuiacha kazi ile.

Sasa ana miaka hamsini na minne, na anaandika programu za vidude vya kupima joto vinavyofungwa kwenye majokofu ya chanjo katika vituo vya afya. Anashughulikia kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kazi na kumbukumbu kwa programu nyingine zote. Mimi ni mshonaji, kompyuta sizijui, lakini mume wangu anafanya kazi ofisi moja na kaka, kwa hiyo nimelishwa habari za kufuli mezani mpaka nimeshiba. Mume wangu haishiwi maneno. Kaka alimpa jina la Redio tangu siku za uchumba wetu, na ofisi nzima ikalidaka.

Kufuli zenyewe ni hivi. Kazi mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, zinaharibu. Basi inayotangulia hufunga, na ikimaliza hufungua. Kufuli ya kawaida inakula nafasi, na kumbukumbu ya kidude kile ni ndogo mno. Miaka kumi na moja iliyopita kaka aligundua kwamba ndani ya namba zilizokuwepo tayari kulikuwa na biti moja isiyo na kazi, yaani mahali pa kuweka moja au sifuri tu. Akaigeuza kufuli: moja imefungwa, sifuri iko wazi. Akapata kufuli kwa maelfu bila kuongeza chochote. Siku ile alinunulia ofisi nzima soda, jambo ambalo halijarudiwa.

Ila kufuli ya biti moja inajua tu kwamba imefungwa. Nani kaifunga, haijui. Kiini kina programu ya ukaguzi inayofuatilia kufuli za kawaida na kupiga kelele zikishikwa vibaya, lakini hizi za kaka ilikuwa haizioni kabisa. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyejali.

Halafu vidude vikaanza kuganda. Muuguzi mmoja aliona kioo kinaonyesha nyuzi nne tangu asubuhi, akagusa chupa za chanjo, zina uvuguvugu. Vikafuata vituo vingine vitatu. Balaa hilo lilianza mwezi ule ule mume wangu alipoongeza sehemu yake, inayotuma ujumbe wa simu joto likipanda. Kila mtu akahesabu mwenyewe akapata jibu moja. Jumatatu meneja akasema kwamba kama hadi Ijumaa sababu nyingine haijaonekana, sehemu ya Redio inaondolewa na mkataba wake hauendelei.

Kaka aliulizwa kwenye kikao hicho hicho. Akajibu kwamba kufuli zake zimefanya kazi miaka kumi na moja bila tatizo, akanyamaza. Ilikuwa kweli tupu, na ilimzamisha mume wangu kuliko uongo wowote.

Redio alirudi nyumbani kimya. Tangu tuoane sijawahi kumwona vile, na niliogopa. Aliniambia jambo moja tu: kaka anaweza kuongeza daftari la pembeni, la chumba cha majaribio peke yake, ambalo kila kufuli ikifungwa linaandika nani kaifunga na alikuwa ameshika nyingine zipi. Hapo mkaguzi, yaani ile programu ya ukaguzi, angepata macho. Alishamwomba, na kaka akamjibu kwamba kufuli ikianza kubeba daftari si kufuli tena, ni ofisi.

Jumanne baada ya kazi nikaenda kwa kaka. Wifi alinifungulia, akaniona uso, akaenda zake jikoni. Kaka alikuwa anabandika sabuni.

"Kaka, sijaja kumwombea," nikamwambia. "Kama amekosea nitamfungashia vitu mimi mwenyewe. Lakini wewe hujui kama amekosea, na unanyamaza kama mtu anayejua."

Akaendelea kukandamiza sabuni yake. Nilikasirika hadi nikaondoka bila kumuaga wifi, na hadi leo ananidai samahani hiyo.

Jumatano asubuhi kaka alimwambia Redio asogeze kiti. Siku mbili walikaa bega kwa bega, kaka akiandika daftari, Redio akisoma kwa sauti mistari ambayo hakuna aliyemwomba aisome. Alhamisi saa nane mchana wakawasha vidude sita mezani, juu yake taa ya kupandisha joto. Uzuri wa mkaguzi yule ni kwamba hangoji mashine igande. Akishaona kufuli mbili zinashikwa kwa mpangilio huu hapa na kinyume chake pale, inamtosha. Dakika kumi hazikwisha, akaandika ripoti.

Sehemu ya Redio ilikuwa inashika kufuli ya foleni ya ujumbe, kisha ya rekodi ya joto. Sehemu ya kengele, aliyoiandika kaka zamani, inashika ya joto kwanza, kisha ya foleni. Zikikutana katikati, ni kama watu wawili gizani, huyu kashika kiberiti, yule kashika mshumaa, na kila mmoja anangoja mwenzake aachie. Kidude kinaganda hapo hapo.

Kaka alisoma ripoti, akasema joto ndilo la kwanza siku zote, foleni baadaye. Redio akamuuliza imeandikwa wapi. Kaka akafungua faili lake na kupekua toka juu hadi chini. Kufuli maelfu, miaka kumi na moja, na hakuna hata mstari mmoja wa maelezo kwa atakayekuja kusoma.

Hapa ndipo ningependa mjue moyo wa kaka yangu. Angeweza kwenda kwa meneja na kusema shemeji yake kavunja mpangilio, naye angeaminiwa, maana mpangilio kweli ulivunjwa. Unga wetu ungemwagika, na daftari lake ndilo lingekuwa shahidi. Mume wangu alilijua hilo, akakaa na mikono mapajani.

Ijumaa kaka alisimama kwenye kikao. "Mpangilio ulikuwa kichwani mwangu tu," alisema. "Asingeweza kuusoma humo. Kosa ni langu." Akaketi. Meneja akaandika, akaagiza sehemu ya Redio irekebishwe ibaki, na ikawa hivyo. Mkataba ukaendelea. Nilipopigiwa simu nililia juu ya gauni la mteja, ikabidi nilipige pasi upya.

Mchana ule Redio alimkuta kaka bado anaandika. Juu kabisa ya faili, kabla ya kufuli ya kwanza, alikuwa amejaza mistari ishirini na sita: ipi inashikwa kwanza, ipi baadaye, kwa nini, na kitu gani kitatokea mtu akigeuza. Kompyuta huyaruka maelezo ya namna hiyo; ni ya binadamu tu, na kwenye kidude hayafiki.

"Leo shemeji umemwaga maneno," Redio akamtania.

"Hayachukui hata biti moja," kaka akasema, bila kuinua macho. "Nililijua hilo siku zote."