Ngumi Niliyoweza Kuisimamisha

Mkanda mweusi ninaoufunga siustahili. Niliupata kwa kumdhulumu rafiki yangu, na mpaka leo hajui. Nisikilizeni, jamani, maana nimeshindwa kukaa na jambo hili peke yangu!

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Kamembe, Rwanda, navuka mpaka kwenda Bukavu, Kongo, karibu kila siku. Rafiki yangu nitamwita Saidi. Ni fundi cherehani sokoni, ndiye aliyekuwa akitushonea kimono zetu za karate. Tumefanya mazoezi pamoja miaka kumi na moja, na alinizidi. Nilijua, ila sikupenda kujua.

Mwalimu wetu alikuwa akirudia neno moja mpaka tunachoka: "Mukanda mweusi ni muntu mwenye anaweza simamisha mukono yake." Yaani ngumi ifike usoni na isimame kabla ya kugusa. Basi! Mimi nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Wiki moja kabla ya mtihani, Saidi alitushonea majina yetu kwenye mikanda miwili mipya, kwa uzi wa njano. La kwake kwake, la kwangu kwangu. Alikuwa na furaha kama mtu anayejiandaa kwa harusi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Waamuzi watatu walitoka Bukavu. Mke wangu alikuja na mama yake. Tukapangwa kupigana, mimi na Saidi. Akanipata mara mbili, kwa upole, ngumi zikasimama kwenye pua yangu. Nikasikia mama mkwe akicheka: "Huyu mukwe wetu anapigwa sawa na mutoto!"

Damu ikanipanda. Saidi akateleza, mkono wake ukashuka chini kujishikilia. Uso ukabaki wazi. Niliona, nikarusha ngumi! Ngumi ile nilikuwa nimeisimamisha mara elfu mazoezini, na siku ile ningeweza kuisimamisha pia. Niliiacha iende.

Ilimpata jichoni.

Waamuzi walipouliza, nilijibu haraka, bila hata kumtazama: "Ameingia mwenyewe. Miye nilikuwa nimeshasimamisha mukono." Waliniamini. Wakaandika kwamba Saidi hajui kujilinda, arudi mwaka mwingine. Mimi nikapita.

Kwetu kuna desturi. Aliyepigana nawe ndiye anayekufunga mkanda. Saidi alikuja, amefunika jicho kwa taulo, akapiga magoti mbele yangu. Mkono mmoja ulishindwa kukaza fundo, akaiacha taulo ianguke ili atumie yote miwili. Watu walipiga makofi. Mungu wangu, nilisimama tu pale, nikamwachia afunge!

Daktari alisema jicho lile halitaona tena. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake hospitalini, na mkanda wangu ukiwa ndani ya mfuko. Nilitaka kusema. Nikausukuma mkanda chini zaidi mfukoni.

Fundi cherehani mwenye jicho moja anapata taabu jamani. Anakosea tundu la sindano, uzi unapita pembeni. Mara mbili mashine imemtoboa kidole. Wateja wake wa sare za shule wamehamia kwa fundi mwingine. Mkanda wake uko kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, na jina lake la njano juu yake.

Kila Jumamosi naenda kumtungia uzi kwenye sindano za wiki nzima. Ananisifu kwa watu kwamba sijamtupa. Najisikia mchafu, wallahi.

Jumamosi iliyopita aliniuliza, akiwa ameinama kwenye kitambaa: "Ndugu, weye njo ulikuwa karibu. Ni kweli miye mwenyewe niliingia mu ngumi? Sikumbukake kitu. Bantu bakiniuliza, sijue niseme nini."

Mlango wa kukiri ulifunguka wenyewe! Ningesema, ningelia, angenifukuza, yangekwisha. Nikafungua mdomo.

"Njo vile," nikamwambia. "Uliingia mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi kosa ni yangu," akasema. "Aksanti, ndugu."

Wewe unayejiandaa kwa mtihani wa mkanda mweusi, nakuomba sana. Ukimuumiza mwenzako kwa hasira, sema papo hapo, waamuzi wakiwa bado wamekaa, kabla hajapiga magoti kukufunga. Usiache ipite siku hata moja! Mimi niliacha ikapita siku moja, ikapita ya pili, sasa mdomo wangu unadanganya wenyewe kabla sijauzuia.

Na kesho ni Jumamosi. Ananisubiri na sindano zake.