Kompyuta Zilizomsubiri Mgeni Rasmi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Usagara, nilikabidhiwa wanafunzi arobaini na kompyuta mbili. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kinanda kidogo. Mratibu wa mradi, mama mmoja mkali, akaniambia, "Wafundishe kuandika programu kwa muziki. Asiye na mashine apige meza."

Wakapiga meza. Amri inayojirudia tuliiita kitanzi: mapigo manne, rudia mara nane. Amri yenye sharti ilikuwa hivi: mwimbaji akinyamaza, ngoma iingie. Aliyekosea alisikika darasa zima, akazomewa, akasahihisha.

Sikuwa mtu wa kutulia. Nilifundisha kule Amani milimani, nikachoshwa na baridi, nikahamia shule moja ya kata upande wa Maramba. Huko nilimkuta Mwanakombo wa kidato cha nne, akiandika ngoma ya bibi yake, pigo kwa pigo, kwenye kompyuta kuukuu. Mikono ya bibi ilikuwa imekufa ganzi. Alimtajia mjukuu mapigo kwa mdomo. Alitaka kuisikia ikilia tena angali hai.

Zikaletwa kompyuta mpya kumi. Mkuu wa shule akazirudisha zile kuukuu wilayani, akafunga chumba na kuvisha mlango utepe.

"Mkuu, mtoto amebakiza kipande kidogo tu."

"Mwalimu, vitu havijazinduliwa. Mgeni rasmi akute alama za vidole?"

"Anakuja lini?"

"Barua imekwenda."

Kila Ijumaa alinipa ufunguo wa mlango wa nyuma nikafute vumbi. Kazi ya Mwanakombo nilikuwa nimeinakili kabla zile kuukuu hazijaondoka. Ingetosha kumwita kwa muda wa saa moja tu, aimalizie. Lakini mkataba wangu ulisainiwa na mkuu.

"Shikamoo mwalimu. Bibi anaulizia ngoma yake."

"Marahaba. Mwambie asubiri kidogo."

"Kidogo chako kirefu, mwalimu," alisema akicheka. Wiki zilizofuata aliuliza bila kucheka.

Bibi akafariki. Nilipokwenda kutoa pole, Mwanakombo aliwaambia wanawake waliokaa mkekani, "Huyu ndiye mwalimu anayefuta kompyuta." Wakanikaribisha kwa heshima. Yeye hakuniangalia.

Mkataba ulipoisha sikuomba mwingine. Kinanda nimekiuza. Ninyi mnaofundisha sasa, ningewaambia mfungue mlango mtoto angali anauhitaji. Lakini ningerudishwa leo pale, na mkuu yuleyule, naona ningeogopa tena.